Reli ya Kinyangiri na Kompyuta za Stoo

 Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya kurasa za mapato na matumizi tunaweka makala moja ya historia. Safari hii Kamati Tendaji ilituagiza tuandike juu ya kompyuta, kwa kuwa ajenda kubwa ya mkutano mkuu wa mwaka huu ni chumba cha kompyuta cha shule yetu ya sekondari ya kata. Tulianza kuandika, tukaona hatuwezi kuanzia kwenye kompyuta. Ilitubidi turudi nyuma hadi kwenye reli.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Katika mkoa wetu wa leo ilipita kusini, Manyoni na Itigi. Sisi wa kaskazini tuliendelea kubeba mizigo kichwani na mgongoni mwa punda. Hata dhahabu ya Sekenke, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1909, ilitoka kwenye ardhi isiyo na reli. Sehemu yake ikaishia Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipopiga sarafu za rupia 15 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Leo sarafu hizo zinanunuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Mkalama. Kijana wa leo ukimwambia kwamba treni iliwahi kufika Kinyangiri anadhani unamtania. Lakini ilifika. Mizigo haikutosha kulipa gharama za kuiendesha, na miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa, vyuma vikapelekwa kwingine. Tulisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo treni iliporudi kutoka Manyoni, nayo ikaishia Singida mjini. Kinyangiri haikurudi.

Tunaikumbusha habari hii bila kumlaumu yeyote, maana waliohusika wameshakufa. Tunaikumbusha kwa sababu ya jambo moja: reli ile haikuwa yetu. Haikuwa na mtu wa kwetu aliyeajiriwa kuitunza akiwa na sauti ya kusema ibaki. Mwenyewe alipopiga hesabu akaona hasara, alikuja na spana.

Kompyuta nazo zilianza vibaya nchini mwetu, na hili vijana wengi hawalijui. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, imetengenezwa Uingereza. Matarajio yalikuwa makubwa: hesabu zote za Serikali zingefanywa na mashine. Wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache, wengi wao wageni, na mfumo wa hesabu uliowekwa humo ukavurugika hadi Serikali ikarudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtu aliyeshuka bandarini au uwanja wa ndege na kompyuta alitazamwa kama aliyebeba magendo. Kuna wanaoicheka amri ile. Sisi hatuicheki sana. Nchi changa ilikuwa imenunua mashine kabla ya kuwa na watu wa mashine, na ikaumia.

Simu je? Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta na simu vilikuwa chini ya shirika la pamoja la nchi tatu. Baadaye tukawa na shirika letu la Posta na Simu, na mwaka 1994 likagawanywa, ikazaliwa TTCL. Kwetu hayo yalikuwa mabadiliko ya vibao tu. Simu ilikuwa posta, mjini. Kijijini kulikuwa na simu ya upepo kwenye misheni na kituo cha polisi, basi. Habari ya msiba ilikwenda kwa telegramu ya maneno matatu au manne, kwa sababu kila neno lililipiwa: "Baba mgonjwa njoo." Aliyeipokea Dar es Salaam alijua kwamba baba ameshazikwa. Mwaka 2000 laini za simu za waya nchi nzima zilikuwa chini ya laki mbili.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, lakini kwa mtu wa kawaida mambo yalibadilika Vodacom ilipoanza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Celtel ilianzishwa na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, mwaka 1998, wakati makampuni makubwa ya Ulaya yalipokuwa yakiamini kwamba Mwafrika hana fedha ya kununua maneno. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliuzwa kwa dola za Marekani bilioni 3.4. Kumbe Mwafrika alikuwa nazo, ila alikuwa nazo kidogo kidogo, kwa vocha ndogo.

Minara ilikuja kwa kufuata barabara kuu, kama simu ya waya ilivyofuata reli. Singida mjini, Iguguno, kisha kushuka mlima Sekenke kwenda Shelui na Igunga. Aliye kando ya lami aliongea. Aliye ndani alipanda jiwe. Kila kijiji cha kwetu kilikuwa na jiwe lake la mtandao. Mnayakumbuka mawe hayo, maana mkoa wetu Mungu ameujalia mawe. Jioni unakuta watu watano wamesimama juu, kila mmoja amegeukia upande wake, wanapiga kelele kama wanaogombana, na kila mtu chini anajua nani anadaiwa na mahari ya nani imekwama. Simu ilichajiwa dukani kwa anayemiliki betri ya gari au sola, kwa malipo, na ukichelewa kuifuata unakuta betri yako imebadilishwa na ya mwenzako.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililokibadilisha chama hiki kuliko jambo lingine lolote.

Wale walioanza nacho wanajua michango ilivyokusanywa. Mwakilishi wa Dar es Salaam alipita nyumba kwa nyumba, Temeke hadi Kimara, na daftari. Fedha ilifungwa kwenye bahasha, bahasha ikapewa kondakta wa basi, kondakta akapewa chochote, na nyumbani mtu akasubiri stendi. Mara nyingi ilifika. Mara nyingine basi liliharibika njiani, au kondakta alibadilishwa zamu, na bahasha ikawa na historia ndefu. Tuliwahi kuahirisha kuezeka madarasa mawili kwa sababu ya bahasha moja.

M-Pesa ilizaliwa Kenya, na kuzaliwa kwake kunafaa kusimuliwa vizuri kwa sababu kunajibu swali la mkutano wetu. Haikuwa sadaka, wala haikuwa biashara tupu. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada ya DFID, iliweka karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho, ili kujaribu kama simu ingeweza kuwasaidia watu wasio na benki. Jaribio lilianza mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wazo lilikuwa mkopaji alipe marejesho ya mkopo kwa simu. Lakini wasimamizi wa jaribio wakaona watu wanafanya mambo mengine ambayo hawakufundishwa: wanatumiana fedha, mume mjini kwa mke kijijini, mwenye duka kwa mwenye duka. Waliokuwa wakiendesha mradi walikuwa na busara ya kuwafuata wateja badala ya kuwarudisha kwenye mstari. Machi 2007 Safaricom ikaizindua Kenya kama huduma ya kutuma fedha. Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Kwetu haikushika mara moja. Mwanzoni watu waliogopa, na mawakala walikuwa wachache. Ilishika pale mwenye duka la chumvi na sabuni alipogundua kwamba kila muamala unampa kamisheni. Wakala ndiye aliyeibakiza M-Pesa kijijini. Ana sababu ya kufungua asubuhi, ana sababu ya kuweka akiba ya fedha, ana sababu ya kumwelekeza bibi asiyejua kusoma namba ya siri inaingizwaje bila kuisema kwa sauti. Baadaye zikaja huduma za kampuni nyingine, na kuanzia mwaka 2014 kampuni za Tanzania zikaanza kukubali fedha ipite kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Katika jambo hilo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za mbele kabisa Afrika.

Mweka Hazina wetu hakumbuki tena mara ya mwisho kupokea bahasha. Au tuseme ukweli, anakumbuka: ni Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza. Wanachama kadhaa walirudi kwa makondakta. Vilio vilikuwa vingi nchi nzima, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa 30%, kisha ikaendelea kupunguzwa mwaka uliofuata. Somo la miezi ile hatujalisahau. Daraja linalopitisha michango ya shule na dawa ya mgonjwa likiongezewa ushuru, anayelipa ni aliye mbali zaidi.

Sasa tuulize: kampuni zilizofanikiwa hivyo zilifikaje vijiji ambavyo haviko kando ya lami, ambako hesabu zao zinaonyesha hasara kama ile ya Kinyangiri? Kwa hiari yao nyingi zisingefika. Ilihitaji sheria. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni za mawasiliano zinachangia sehemu ndogo ya mapato yao kwenye Mfuko, na Mfuko unatoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga mnara mahali ambapo biashara peke yake isingeupeleka. Mei 2023 Serikali na watoa huduma walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Pembeni ya hayo Serikali yenyewe ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China. Awamu zake mbili za kwanza zilipokamilika mwaka 2012 ulikuwa na urefu wa kilomita 7,560, na Singida ni moja ya mikoa unakopita. Viettel ya Vietnam nayo, ilipozindua Halotel Oktoba 2015, ilikwenda vijijini tangu siku ya kwanza badala ya kusubiri mjini kujae.

Kwa hiyo mtu akituuliza sekta ya teknolojia inaweza kuisaidiaje nchi maskini, jibu letu la kwanza ni hili la kikavu: ilipe mchango wake wa kisheria, na ijenge pale ilipoambiwa ijenge. Mnara mmoja unaofanya kazi usiku wa manane una faida kwetu kuliko hotuba kumi za uzinduzi.

Tunasema usiku wa manane kwa sababu. Kuna huduma inaitwa m-mama. Ilianzia Sengerema mwaka 2013, ikiendeshwa na taasisi ya hisani ya Vodafone pamoja na wadau wengine, ikaenda Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua kwa ajili ya nchi nzima. Mama mjamzito akipata dharura, yeye au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali, anapima uzito wa tatizo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida. Dereva akimfikisha mama kituoni, analipwa kwa M-Pesa. Tazameni ilivyopangwa. Hakuna aliyemleta dereva kutoka Ulaya, na wala hakununuliwa gari jipya la kupigwa picha. Gari lilikuwepo kijijini na dereva alikuwepo. Kilichokosekana ni simu ya kuwaunganisha na uhakika wa malipo. Sisi tuliobeba mama zetu na dada zetu kwa machela na kwa mkokoteni wa ng'ombe tunaielewa huduma hii bila maelezo marefu. Lakini simu ikikosa mtandao, 115 ni tarakimu tatu tu.

Kabla ya hiyo kulikuwa na jaribio la ujumbe mfupi wa dawa za malaria, lililoitwa SMS for Life. Lilifanyika mwaka 2009 hadi 2010 katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Novartis, IBM, Vodafone na kampeni ya kimataifa ya kupambana na malaria. Kila Alhamisi mhudumu wa kituo cha afya alipokea ujumbe ukimuuliza dawa zilizobaki. Alijibu bure kwa simu yake mwenyewe, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa salio. Mganga Mkuu wa Wilaya akaona kwenye orodha kituo kipi kimeishiwa na kipi kina ziada, akahamisha. Vituo vilikuwa 129. Wiki ya kwanza, 78% vilikuwa vimekosa kabisa aina moja au zaidi ya dawa za malaria. Wiki ya 21 vilibaki 26%. Hakukuwa na dawa mpya iliyogunduliwa, wala mashine ngeni. Kulikuwa na simu ambayo mhudumu tayari anayo mfukoni, salio dogo la kumshukuru, na mtu wilayani mwenye wajibu wa kuisoma orodha Jumatatu asubuhi. Baadaye utaratibu huo ulisambazwa nje ya wilaya hizo tatu.

Si kila zawadi ya teknolojia imekuwa ya namna hiyo. Mwaka 2014 Facebook na Tigo walileta intaneti ya bure kwa baadhi ya tovuti. Wengine walifurahi, na ni kweli ilikuwa bure. Lakini bure ile ilikuwa na ua: unaona kile walichokuchagulia. India waliikataa mwaka 2016 kwa hoja hiyohiyo. Hatusemi ilikuwa mbaya. Tunasema mgeni anayekugawia maji huku kisima kimebaki kwake, siku akihama unarudi mtoni.

Kinyume chake, Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, za bure, na ambazo yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzirekebisha. Hazikuenea kama zilivyostahili, na tunasikitika kwamba shule zetu nyingi hazikuwahi kuziona. Lakini maneno mengi ya kompyuta tunayoyasema leo bila kufikiri yalipikwa na kuonjwa na watu kama wale, wakibishana mezani neno la Kiswahili liwe lipi.

Kuna mfano mwingine wa karibu, Tanga. Mashindano ya kimataifa ya XPRIZE yalitafuta programu ya kumwezesha mtoto asiyekwenda shule kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe kwa Kiswahili. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa kompyuta ya mkononi iitwayo tableti, zilizotolewa na Google. UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walisimamia kazi vijijini, vituo vya kuchajia vya sola vikajengwa, na akina mama wa vijiji hivyo wakapewa jukumu la kuviangalia. Wakati wa kuanza, zaidi ya 90% ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na kwa masharti ya mashindano programu zote za fainali ziliachwa wazi zitumiwe na yeyote bila malipo. Sisi tumevutiwa zaidi na wale akina mama. Bila mtu wa kuchaji, tableti ya dola mia kadhaa ni sahani.

Na hapa tunalazimika kusema habari yetu wenyewe.

Wanachama wa muda mrefu mnakumbuka siku lori lilipofika shuleni na kompyuta. Mfadhili mmoja wa nje, ambaye hatutamtaja kwa kuwa nia yake ilikuwa njema, alituletea kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika katika ofisi za kwao. Tulichinja mbuzi. Ngoma ilipigwa, hotuba zikasomwa, na picha ya siku ile ilikaa kwenye jalada la kijitabu hiki. Chama kilitoa fedha ya meza na nondo za madirisha. Hatukuweka hata shilingi moja ya kitu kingine.

Umeme wa shule wakati ule ulikuwa wa jenereta. Mafuta ya jenereta yaliisha kabla ya muhula. Umeme wa gridi ulipofika, ulikuja na kukatika kwake, na mashine moja baada ya nyingine ikaungua. Vumbi la kiangazi chetu mnalijua. Mwalimu aliyekuwa na ujuzi alihamishwa. Programu zilikuwa za Kiingereza cha kiofisi na baadhi zilidai leseni ambayo hatukuwa nayo. Mwaka wa tatu, kompyuta zilihamishiwa stoo ili darasa litumike, maana wanafunzi walikuwa wameongezeka. Ziko huko hadi leo, chini ya magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Somo la kompyuta linafundishwa kwa kuchora kibodi ubaoni. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mjumbe wetu wa Kamati, kwa adabu kabisa, kama ni kweli kwamba ukibonyeza herufi inatokea pale juu.

Tumefanya kwa mikono yetu kile tulichowasimulia cha mwaka 1965 na cha Kinyangiri. Mashine ilikuja, mtu wa mashine hakuja. Na safari hii mwenye reli tulikuwa ni sisi.

Mwaka huu tumepata ahadi ya mfadhili mwingine wa vifaa, tableti pamoja na chombo cha kusambaza mtandao. Kamati imegawanyika, na tunaona ni haki wanachama mjue hivyo kabla ya kukutana. Wenzetu wengine wanasema tupokee sasa, mengine tutayatafuta, kwa kuwa mfadhili hasubiri na watoto wanakua. Hoja yao ina uzito. Kila mwaka tunaochelewa kuna kidato cha nne kinachoondoka bila kugusa kibodi. Walio wengi katika Kamati, pamoja nasi tulioandika makala hii, tunasema tupokee kwa sharti, na sharti la kwanza liwe juu yetu: kabla lori halijafika, kuwe na posho ya fundi kijana wa miaka mitatu iliyokwisha kukusanywa na kuwekwa benki.

Kijana huyo tunataka atoke kwetu. Wapo waliosoma vyuo vya ufundi na wako Singida mjini wanatengeneza simu kando ya barabara. Wanajua kufungua kitu kilichokufa na kukifufua kwa spea za kuunga. Kazi yake itakuwa kuchaji, kusafisha, kutengeneza, kuwafundisha walimu, na jioni kufungua chumba kwa wakulima wa alizeti na vitunguu wanaotaka kujua bei ya soko kabla mnunuzi hajawatajia ya kwake. Jioni hiyo italipiwa kidogo, kama wakala anavyolipwa, ili chumba kiwe na cha kununulia betri.

Mfadhili naye tumemwandikia. Tumemwomba mambo machache: programu ziwe za wazi na za Kiswahili zinapopatikana, vifaa vije na spea, na badala ya kutuletea wataalamu wa kuzindua, nauli zao zigharimie mafunzo ya fundi wetu. Tumemwomba pia atuandikie bila kuficha, kama kuna siku atataka kuondoka, tujue miezi 12 kabla. Bado hajajibu.

Tunajua kuchangia posho hakuna mvuto. Mtu anapenda kuchangia kitu chenye kibao cha jina lake, na betri haina mahali pa kubandika kibao. Darasa likiezekwa utalionyesha kwa wageni. Mshahara wa fundi umeshaliwa kabla hujafika likizo. Ndiyo maana mwaka huu tumetenga fomu ya ahadi ya kila mwezi, hata kiasi kidogo, badala ya mchango mmoja mkubwa wa siku ya harambee. Fomu iko ukurasa wa mwisho, pamoja na bajeti kamili na namba ya kulipia ya chama. Ukilipa utapata ujumbe wa risiti wenye jina la Mweka Hazina. Usipoupata ndani ya siku mbili, piga simu.

Mkuu wa Shule ameahidi kuondoa magunia stoo kabla ya mkutano mkuu. Tutazitoa kompyuta zile nje, tuzipange kwenye meza chini ya mwembe, na wale vijana wa kutengeneza simu kutoka mjini wamekubali kuja kuzifungua mbele ya wanachama waone ngapi zinafufuka. Mwenye bisibisi aje nayo.